Nzi wa Dirisha la Bibi

Nilimkuta Jumatatu asubuhi kwenye kioo cha dirisha la mapokezi, pale kliniki ya Oud Metha, hapa Dubai, ninapofanya kazi. Nzi mmoja tu, amekufa, mabawa yameinuka juu, mdomo umeganda kwenye kioo, tumbo limevimba na kupigwa mistari myeupe. Kumzunguka palikuwa na duara la unga mweupe, kama mtu aliyempulizia poda. Nafula, mama wa Kikenya anayetufanyia usafi, alikuwa ameshakunja kitambaa amfute. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nikamwita Deus wa maabara. Deus ni Mtanzania wa Mwanza, mtu asiyeweza kupita mbele ya kitu chenye vijidudu bila kufurahi. Akainama, akatazama, akacheka peke yake. "Huyu kashikwa na fangasi," akasema. Akanieleza kwamba fangasi huyo humwingia nzi mwilini na kumla kwa ndani pole pole, huku mwenyewe bado anaruka na kutua kwenye chakula cha watu. Jua likikaribia kuzama, humlazimisha apande. Nzi hajui anapandia nini, anapanda tu, mpaka juu. Huko juu anatoa mdomo, mdomo unanata, mabawa yanainuka yasizibe njia, anakufa. Kisha fangasi anachomoza tumboni na kurusha mbegu zake ziwangoje nzi wengine. Ule unga ndio mbegu zenyewe.

"Akili yote imetekwa," Deus akasema. "Halafu mwone alivyomwacha! Utafikiri anaomba dua."

Nikaenda msalani, nikajifungia, nikalia kwa hasira. Nasema hasira, si huzuni, maana huzuni nilishaimaliza zamani. Fangasi! Miaka yote hii, kumbe fangasi.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Al Ras, upande wa Deira, ghorofa ya pili, juu ya ghala la pilipili manga na ndimu kavu, na ngazi za jengo zile zilikuwa zinakupigisha chafya kabla hujafika mlangoni. Chini mahamali walisukuma mikokoteni tangu asubuhi wakipigiana kelele za yalla, yalla. Baba alikuwa na duka mtaa wa pili. Mama alikuwa nyumbani, na mama yake Mama, ambaye ndiye Bibi katika habari hii, alikuwa kitandani, kwa sababu ubavu wake mmoja ulikuwa umepooza na ulimi umekuwa mzito. Alikuja Dubai kutoka Unguja akiwa bi harusi, na bado alizungumza Kiunguja kile kile, polepole zaidi tu.

Na alikuwepo Mercy. Mercy alitoka Bungoma, mtu mzima, ameshapita arobaini, mwili mpana, sauti kubwa, kicheko kikubwa kuliko sauti. Aliajiriwa kupika na kufagia. Bibi alipoanguka, bila mtu yeyote kumwambia, akaanza kumgeuza, kumwogesha, kumpaka poda mgongoni asipate vidonda, na kumlisha uji kwa kijiko. Alimwita Shosho, kama wanavyowaita bibi zao huko Kenya, na Bibi aliitika kana kwamba ndilo jina alilopewa kuzaliwa.

Kila baada ya Alasiri Mercy alimfungua Bibi nywele na kumchana. Zilikuwa nyeupe tupu na nyepesi, na zilikuwa zinatoka. Kwetu, nywele zinazotoka na kitana hazitupwi jaani. Zinafukiwa ardhini, zisije zikaokotwa na mtu mwenye nia mbaya akazichezea. Sasa fukia nywele ghorofa ya pili Al Ras! Ardhi iko wapi? Vikopo vya mrehani dirishani Bibi hakutaka viguswe. Basi akamwagiza Mercy. Mercy alizikunja kwenye kipande cha gazeti, akaziweka sandukuni mwake mpaka Ijumaa, siku yake ya kanisa, akaenda nazo Oud Metha akazifukia penye maua. Mimi nilijua. Nilikaa mguuni mwa kitanda nikitazama, na Bibi aliniambia, "Haya ni yetu sisi watatu, mwanangu. Mama yako ana mengi." Nikafurahi kuwa na siri na watu wazima.

Nzi walianza majira ya baridi, wakati ule ambao asubuhi unaamka huoni jengo la mbele kwa ukungu. Dirisha la Bibi lilikuwa na majimaji siku zote kwa sababu ya mrehani, ambao aliamuru unyunyiziwe asubuhi na jioni. Nje ya dirisha, kwenye kibaraza, Mama alianika papa. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu mimi sijalisahau. Papa alikuwa wa Mama. Alimnunua mwenyewe, akamtia chumvi mwenyewe, akamtundika mwenyewe, na nzi wa mtaa mzima wakaja kumtembelea.

Wa kwanza nilimwona peke yangu. Adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza, mwanga umekuwa wa rangi ya chungwa, na nzi mmoja akawa anapanda kioo kwa miguu, taratibu, bila kuruka. Nikamsogelea, hakukimbia. Akafika juu karibu na fremu, akasimama, akaweka uso wake kwenye kioo. Kesho yake nikamkuta pale pale, mabawa juu, amezungukwa na weupe. Keshokutwa wakawa watatu. Mwisho wa wiki walikuwa saba, wamejipanga juu ya dirisha, na wote walipanda wakati ule ule wa adhana.

Mtoto wa chuo cha Kurani wa miaka minane, ameshafundishwa kwamba kila kiumbe kinamsabihi Mola wake, atafikiri nini? Niliona nzi wanasali Magharibi. Mabawa yale yalikuwa mikono iliyoinuliwa, uso kwenye kioo ulikuwa sijda, na ule weupe ulikuwa nuru. Niliamini wanapokelewa. Nilijifunga ushungi nikasimama nyuma yao, nikasali nao rakaa tatu, nikiwaonea fahari kwamba wamechagua dirisha letu katika Deira nzima.

Mercy alinikuta nimenyoosha kidole nimguse mmoja. "Usiguse hiyo, mrembo! Hao wamegonjeka."

"Hawaumwi. Wanasali."

"Ni ugonjwa. Kwetu panzi hufanya hivyo hivyo. Ikitaka kufa inapanda juu kabisa kwa nyasi, inashikilia huko na miguu, asubuhi unaipata imekauka. Ni kama ile kitu nyeupe hushika mahindi kwa stoo." Akanitazama nilivyonuna, akaangua kicheko. "Sawa basi, wanasali. Lakini hawahitaji mkono wako. Enda uoshe."

Mwanamke huyo hakumaliza shule ya msingi, aliniambia mwenyewe. Alitazama nzi juu ya kioo na akajua, na alisema karibu yote aliyosema Deus na vyeti vyake. Hakuna aliyemsikiliza, na wa kwanza kutomsikiliza ni mimi.

Kuna jambo jingine alilokuwa nalo Mercy. Alizungumza na kila kitu. Alizungumza na sufuria, alizungumza na lifti ikichelewa, na nzi wakitua kwenye uji wa Bibi aliwapungia kitambaa akiwafokea: "Wewe, nani amekukaribisha? Panda huko juu kwa wenzako!" Bibi alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Mama hakuwa anacheka. Leo ninaweza kusema alichokuwa nacho, ingawa simsamehei kwa hicho. Alikuwa na wivu. Aliingia na bakuli la uji, akamwita mama yake kwa majina yote mazuri, na Bibi akafumba mdomo. Akija Mercy na uji ule ule, mdomo unafunguka. Nilimsikia Mama mara mbili akimwambia Baba mezani, "Kamfanya nini mama yangu yule? Mtu aliyenizaa hanitambui, anamtambua mtumishi!" Baba alijibu kwa kuomba chumvi.

Nyumbani kwetu, kabla ya madirisha kufungwa kwa Magharibi, Mama alipita chumba hadi chumba na chetezo cha udi na ubani. Kwa Bibi alikuwa anapita haraka, kwa sababu palimuumiza. Jioni ile, sijui kwa nini, alisimama. Akainua macho, akaona nzi tisa wamenata kwenye kioo juu ya kichwa cha mama yake, mabawa juu, kila mmoja ndani ya duara la unga mweupe. Alipiga ukelele nikausikia nikiwa jikoni.

Mercy akaenda anakimbia, mikono ina sabuni, nami nyuma yake. Angesema hajui. Angesema, "Subhanallah, madam, ni nini hii?" angekuwa salama. Lakini alikuwa mtu wa kutaka kumtuliza mwenzake.

"Madam, usiogope. Mimi naijua hii kitu. Ni ugonjwa, iko kwetu."

"Unaijua?"

"Naijua kabisa."

Mama akakishusha chetezo chini, taratibu sana. Akapitisha kidole kwenye unga wa kioo, kisha akatazama kopo la poda kando ya kitanda, kisha akamtazama Mercy.

Kesho yake alasiri alikuja maalim mmoja, mtu ambaye nilizoea kumwona akiandikia watu kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, kwa zafarani. Sina ugomvi na dini yangu wala na waliosoma. Nina ugomvi na mtu yule, kwa siku ile. Alikaa sebuleni akanywa kahawa, akala halua, akaniita. Baba alikuwepo, amefunga duka mapema. Mercy aliambiwa abaki jikoni na mlango ukafungwa kwa nje.

"Mtoto haongopi," maalim akasema. "Hebu nambie, mwanangu. Huyu mfanyakazi wenu huwa anafanya nini na wale nzi?"

Nilivimba kichwa. Watu wazima wananiuliza mimi habari za nzi wangu! Nilidhani wamekuja kuustaajabia muujiza. Nilidhani nikimtaja Mercy ndani yake watamheshimu kama ninavyomheshimu, na Mama ataacha kumnunia.

"Anazungumza nao," nikasema. "Anawaambia wapande juu."

"Wanapanda?"

"Wanapanda! Kila Magharibi. Wanapanda, wanainua mikono."

Mama akaanza kulia. Maalim akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa alichokuwa ameagiza. Mimi nikakatiwa kipande cha halua, na nikakila.

Sanduku la Mercy likaletwa likamwagwa juu ya mkeka chumbani kwa Bibi. Gauni la kanisa. Biblia ndogo iliyofungwa kwa mpira. Picha ya binti yake, Faith, amevaa sare ya shule. Na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Mama akakikunjua, zikatoka nywele nyeupe za wiki ile. Ilikuwa Jumatano. Ingekuwa Jumamosi sanduku lisingekuwa na unywele.

Kisha kitandani kikatoka kishindo, Bibi anapiga ubao kwa mkono wake mzima.

"Mie ndiye niliyempa! Mie! Nilimwagiza mie akazifukie!"

Ulimi ulikuwa mzito lakini kila neno lilisikika, wote tulisikia, na Mercy kule jikoni bila shaka alisikia. Baba alimtazama maalim. Na maalim, bila hata kumgeukia mwanamke mzima wa watu, aliyelea watoto sita na kuzika wawili, akasema, "Huyo si yeye anayesema. Ulimi wake umeshikwa."

Hapa ndipo ninapokasirika, hata sasa ninapoandika. Mtu anasema kweli kwa nguvu zake zote za mwisho, na watu wanaambiana kwamba hayumo ndani ya maneno yake mwenyewe. Utasema nini baada ya hapo? Kila utakachosema kinakuwa ushahidi kwamba umetekwa. Bibi akaendelea kusema mie, mie, mie, na Mama akamfunika shuka mpaka kidevuni akimbembeleza kama mtoto mchanga.

Na mimi nilijua. Nilikuwa mmoja wa wale watatu wa siri. Ningeweza kusema, "Kweli, nimeona." Nilimtazama Mama anavyolia, nikamtazama maalim, nikawaza pengine wanajua zaidi yangu, pengine kweli Bibi ameshikwa. Nikanyamaza. Maalim akazichukua nywele akazitia juu ya makaa ya chetezo, na harufu yake ikaingia kwenye mapazia, ikakaa siku nyingi.

Baba ndiye aliyekuwa kafeel wa Mercy, mdhamini wa kibali chake. Alisema neno moja, "Khalas," yaani imekwisha, na kibali kikafutwa. Mercy hakuulizwa. Hakurudishwa chumbani kwa Bibi hata kuaga. Mama aliwapigia simu Wazanzibari wote aliowajua, Deira mpaka Al Garhoud, asije mtu akamchukua. Mercy alikuwa na mwaka mmoja umebaki wa mkataba, na Faith alikuwa karibu kuingia sekondari. Siku ya kuondoka nilijificha nyuma ya mlango wa choo. Akaniona, kwa sababu miguu yangu ilikuwa nje.

"Mrembo," akasema, na hakucheka. "Ukigusa hilo dirisha, uoshe mikono."

Mama aliosha kioo kwa siki na marashi. Wiki iliyofuata nzi walirudi, saba tena, kisha tisa, mabawa juu. Mercy yuko Bungoma, na nzi wanapanda! Nikamshika Mama mkono nikampeleka, nikamwonyesha. Nilikuwa na hakika sasa ataelewa, atampigia simu arudi. Mama alitazama akasema, "Unaona? Kauacha uchawi wake humu ndani." Papa wakati huo ananing'inia kibarazani, ananuka. Nzi walikoma joto lilipoanza, na sifa akapewa maalim.

Bibi hakukubali tena kuchanwa. Kila aliyekuja na kitana alimgeuzia uso ukutani. Uji alikunywa kidogo, kwa kulazimishwa. Alifariki kabla ya Ramadhani, na walipomwosha ilibidi wamfungue mafundo ya nywele kwa vidole, moja moja. Mama alilia kuliko wote, akasema kwamba yule mwanamke ndiye aliyemmaliza mama yake.

Jumatatu ile niliporudi nyumbani nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti chake, magoti yanamsumbua siku hizi, na kwa mara ya tatu mwezi huu ananiambia nimtafutie mwanamke mwema wa kumsaidia. Nikamwonyesha picha ya nzi kwenye simu. Nikamweleza yote aliyonieleza Deus, neno kwa neno: humwingia, humla, humpandisha juu, unga ni mbegu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Khalas."

"Si khalas! Alikwambia! Alisimama pale na mikono ya sabuni akakwambia ni ugonjwa!"

"Na wewe," Mama akasema, "nani aliyesema anazungumza nao?"

Nikatoka nje nikazunguka mtaa mara mbili.

Nafula ndiye aliyenisaidia. Ni mtu wa Bungoma naye, na kumbe wana kundi lao la simu, wamo waliorudi na waliobaki. Kwa siku nne tu nikawa na namba ya Mercy. Nikapeleka picha ya nzi, na ujumbe wa sauti mrefu uliojaa fangasi, mbegu, na samahani. Samahani zilikuwa nyingi mno, nilipojisikiliza niliona haya.

Jibu lilikuja alasiri. Sauti imekuwa nzito kidogo, nyuma yake kuku wanalia.

"Mrembo! Umekuwa mtu mkubwa hivi? Hiyo ni ugonjwa, si niliwaambia? Mimi niliwaambia." Akaniambia Faith ana watoto wawili. "Sasa nikuulize. Zile nywele za Shosho za hiyo wiki ya mwisho, mlizika wapi? Hizo zingine zote ziko huko Oud Metha, kando ya ukuta wa kanisa, chini ya yale maua ya pinki. Hizo najua ziko salama. Ni hizo za mwisho ndio zimenisumbua. Aliniagiza, na sikumaliza."

Ukuta huo naupita kila siku nikienda kazini. Maua bado yapo, yananyunyiziwa maji na bomba asubuhi na jioni. Leo ni siku ya sita tangu aniulize, na alama mbili za buluu kwenye simu zimeshamwambia kwamba nimesikia.